Mtani Asiyetania

Waliokuwapo ni hawa: Bi Namsifu Mchome, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima wa tangawizi huko milimani Upareni, Bi Nakunda Mgonja, katibu wake, na Bi Naetwe Msuya, mweka hazina, aliyeishika simu ya kikundi na kuijua namba ya siri. Wa nne alikuwa ndani ya simu hiyo. Jina lake Mzee Anaeli Mtui, Mchaga wa Marangu, aliyenunua tangawizi yao kwa miaka mingi. Picha ilikuwa yake, na namba ilikuwa ile ile.

Ujumbe wake ulikuwa mtamu. Alisema amejiunga na kampuni ya uwekezaji mtandaoni. Ukiweka fedha leo, wiki ijayo zimezaa mara tatu. Ila nafasi zinafungwa alasiri hiyo hiyo, tena wasimwambie mtu.

Akina mama hao walikuwa wamejinyima misimu kadhaa wapate mashine ya kukaushia tangawizi. Akiba yote ilikuwa humo simuni.

"Tuma, mwenzangu," akasema Namsifu. "Tutanunua mashine na gari la kuibebea."

"Nimempigia, hapokei," akajibu Naetwe.

"Ameandika yuko kikaoni. Lakini wewe nakujua. Hata siku ya kufa utataka risiti ya jeneza."

Ndugu zangu, mnajua kwamba Mpare na Mchaga ni watani. Mtani hana adabu kwa mtani wake, na hiyo ndiyo adabu yenyewe. Anaeli alipofika kupima mizigo, salamu yake kwa Naetwe ilikuwa moja: "Mpare, kunjua mkono nione kama vidole bado vinafunguka." Naetwe naye alimjibu aweke kwanza mizani chini, maana Mchaga hupima hata salamu. Ndivyo walivyopendana.

Naetwe akaitazama simu. Moyoni alitaka kuamini, kwa kuwa alikuwa amechoka kuanika tangawizi na kukimbia kuianua kila wingu likitanda. Kidole kilikuwa karibu kubonyeza. Akasita, akaandika: "Mchaga wewe, tangu lini ukaona faida ya bure ukaita Wapare waje kuizoa?"

Jibu likaja upesi: "Samahani sana mama yangu mpendwa kwa usumbufu. Kampuni yetu inaheshimu makabila yote."

Naetwe akaiweka simu mezani.

"Huyu si Anaeli."

"Kwa sababu amekuheshimu?" akauliza Nakunda.

"Ndiyo. Anaeli hajaniheshimu hata siku moja."

Namsifu akaichukua simu, akaandika mwenyewe: "Kama kweli ni wewe, tutukane."

Wakangoja. Tusi halikuja. Baada ya muda picha ikatoweka, na kila walichoandika hakikufika tena. Hapo Nakunda akaanza kucheka, Namsifu akapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani ameolewa. "Hakuna aliyeolewa," akasema, "ila nusura tutoe mahari ya bibi arusi asiyekuwapo." Mashine waliinunua msimu ule ule, na mvua ikinyesha sasa hakuna anayekimbia.

Je, sisi tungeshinda? Tusijibu haraka. Mwizi wa mtandaoni anaweza kuiba jina la mtu, na picha yake, na namba yake. Lakini mazoea yenu hawezi kuyaiba, maana hakuwapo mlipokuwa mkiyajenga. Ndiyo sababu anatuharakisha, tusipate nafasi ya kuyakumbuka. Ndiyo sababu anatuambia tusimwambie mtu: anamwogopa yule mmoja ambaye angetuamsha. Kwa nini basi tuone haya kuuliza? Anayetupenda hatachukia tukimwambia, "Ngoja kwanza nije nyumbani kwako tuonane." Atachukia yule asiye na nyumba ya kutuelekeza. Na faida isiyoeleza imetoka katika jasho la nani, tujue jasho hilo ni letu, halijatoka bado. Akina mama wale hawakusoma mambo ya mitandao. Walimjua rafiki yao, wakasimama juu ya hilo, wakashinda. Nasi tutashinda hivyo hivyo.

Mtu atauliza: na Anaeli mwenyewe alikuwa wapi? Naetwe naye aliuliza. Alimtafuta binti yake, Bi Aikaeli Mtui, fundi cherehani pale Himo, kwa namba aliyopewa na wachuuzi wa sokoni. Binti akamwambia kwamba simu ile ilipotea msibani, katika wingi wa watu. Mzee Anaeli Mtui alikuwa amefariki mwezi wa tatu, kabla ya ujumbe ule, akazikwa Marangu.