Kiwanda Kilichouzwa Tukiwa Foleni

Kulikuwa na mama mmoja mfugaji, ndugu zangu, mwenye hisa chache katika kiwanda kilekile kilichonunua maziwa yake. Shemeji yake hakumpa raha. "Shemeji, uza hizo karatasi ule nyama! Soko letu la hisa bado changa."

Ukafika mkutano mkuu wa wanahisa. Ajenda nzito ilikuwa moja: mgeni kutoka ng'ambo, aliyekwisha kununua hisa kadhaa, auziwe zaidi ya nusu ya kiwanda, au asiuziwe? Lakini si mnatujua? Tukiitwa mkutano kama huo tunauliza nini kwanza? Kuna chakula? Kuna mwavuli wa bure? Mwenyekiti hajamaliza hotuba, minong'ono ikapita kwamba kuku ni wachache. Ukumbi wote ukamwagika nje, shemeji mtu akiongoza foleni.

Mama akabaki. Mgeni naye akabaki na mawakala wake, ametulia tuli kitini.

"Bwana, wewe huli?"

"Nitakula baadaye, mama."

"Na hili soko letu changa umelipendea nini?"

Mgeni akacheka. "Wewe ukienda mnadani, unanunua ng'ombe mzee?"

"Nina wazimu? Nanunua mtamba. Maziwa yake yote yako mbele."

"Basi na mimi nimekuja kutafuta mtamba."

Mama akachomoka mbio mpaka nje. "Rudini ndani! Kura inapigwa! Kesho bei ya maziwa yetu itapangwa na mtu asiyejua hata harufu ya zizi!"

"Shemeji, acha siasa," akajibiwa. "Njoo usimame nyuma yangu, kuku wanaisha."

Akarudi peke yake. Mwenyekiti akauliza: wanaokubali? Ikainuka mikono ya mgeni na mawakala wake. Wanaopinga? Mkono mmoja. Imepita.

Ndipo shemeji akaingia, boksi mkononi, midomo inang'aa mafuta. "Pole, shemeji. Umekosa kuku."

"Nanyi mmekosa kiwanda."

Mnamkasirikia mgeni? Mimi, hapana! Mgeni hakuiba kitu. Alikuta viti vitupu. Amevuka bahari kwa sababu ameona kwetu miji inakua, vijana ni wengi, na kazi bado hazijafanywa. Tunachokiita umaskini, yeye anakiita nafasi. Na sisi je? Sisi wasomi wa chuo hiki, vijisenti vyetu vinaishia kubeti ligi za ng'ambo, halafu tunasema hisa ni mambo ya matajiri! Hebu tuone haya kidogo.

Sikudanganyi: mtamba naye hufa, kwa hiyo ada yako usiiguse. Chunguza kwanza, kisha nunua kidogo unachoweza. Lakini Mungu hakutupa nchi inayochipuka ili tukae pembeni tukitazama wengine wakivuna.

Kwa hiyo leo msiniitikie amina kwa midomo. Niitikieni kwa mikono, siku ya kura, mkiwa bado vitini.