Paja la Nguruwe Lililopakwa Asali

Kulikuwa na mama mmoja, fundi hasa wa kupika. Nyama ninayotaka kuwaambia habari zake ni ya nguruwe, kwa hiyo msianze kutazamana. Jumamosi jioni nikipita pale kwenye viti vya plastiki vya wachoma nguruwe nawaona wote, na wazee wa kanisa wako mstari wa mbele.

Mama huyu ujanani alifanya kazi jikoni kwa masista. Huko ndiko alikojifunza kupika paja zima la nguruwe, lile linalolazwa kwenye chumvi wiki tatu. Ukilitoa kwenye chumvi unaliloweka mchana na usiku, na maji unabadilisha mara tatu. Ya kwanza yanatoka makali, ya pili yamepungua, ya tatu unayaonja. Ndipo unalichemsha, unalichuna ngozi, unachanja mafuta kwa kisu, unachomeka karafuu. Mwisho kabisa unalipaka asali iliyochanganywa na maji ya chungwa, unafunika sufuria, mkaa chini na mkaa juu, mpaka ling'ae. Namwona mmoja pale ameshameza mate.

Sasa, mama huyu alikuwa na wifi yake, mke wa kaka yake, anayekaa mkoa mwingine. Wifi alifiwa na mtoto wa miaka minne. Homa ya siku mbili tu. Siku ya msiba wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wakimenya ndizi, na mama yetu akasema, "Mtoto hafi kwa homa ya siku mbili. Mama yake alikuwa wapi?" Hakujua kwamba mfiwa amesimama mlangoni, amekuja kuomba maji ya kunywa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mfiwa aligeuka akarudi ndani na kiu yake.

Miaka mitatu hawakutembeleana. Halafu, mwezi mmoja kabla ya Krismasi, wifi akapiga simu mwenyewe: "Nitakuja siku ya sikukuu, tule pamoja." Mama yetu alifurahi mpaka akalia. Akalaza paja la nguruwe kwenye chumvi. Akafua mapazia. Akapaka sebule rangi. Akaazima vikombe vya maua kwa jirani. Akalitoa lile paja kwenye chumvi asubuhi ya sikukuu yenyewe, kwa sababu jana yake alikuwa juu ya stuli na brashi ya rangi.

Mume wake akaingia jikoni akauliza, "Mama watoto, umeliloweka hilo?"

"Nimelisuuza. Nitazidisha asali, chumvi haitasikika."

"Na lile neno la msibani, utamwambia nini?"

"Baba nawe! Mambo ya zamani hayo. Akila hii atasahau."

Ndugu zangu, mbona kuloweka kunatuchosha hivyo? Kwa sababu hakuna anayekuona. Kupaka asali kuna harufu, majirani wanasikia, watoto wanazunguka jiko. Kuloweka ni wewe na beseni, na maji yanayokuonyesha kila mara ni chumvi kiasi gani uliyoitia mwenyewe.

Basi wifi akafika. Paja likaletwa mezani linang'aa, karafuu zimepangwa kwa mistari, watoto wakapiga makofi. Wifi akakata kipande, akatafuna polepole. Akaomba maji. Akakata kingine, akaomba maji tena. Mara ya tatu akaweka uma chini.

"Wifi, una mkono mzuri," akasema. "Lakini mimi sikuja kula. Nilikuja nikidhani una neno la kuniambia."

Mama yetu alikuwa nalo pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Unajua alisema nini? Alisema, "Ngoja nikuongezee asali."

Wifi akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha, akachukua mkoba wake. Akaaga watoto mmoja mmoja. Kuondoka akaondoka.

Kesho yake mama yetu alilikata lililobaki, akaliloweka. Maji ya kwanza, maji ya pili, maji ya tatu. Akaonja, na nyama ilikuwa imetengenea, tamu kama ile ya kwa masista. Akakaa chini jikoni akalia, maana mgeni wa nyama ile hayupo. Watoto wakala wakamaliza. Yeye akaosha beseni.

Mtaniuliza, mchungaji, si angepiga simu? Alipiga! Wifi akapokea. Mama yetu akavuta pumzi akasema, "Wifi, ulifika salama?" "Nilifika." "Wifi... nimekuwekea kipande. Nitakipaka asali upya, nikutumie." "Ahsante, wifi," yule akasema, na simu ikakatika.

Inaniuma hadithi hii, wapendwa, na sitawaficha kwa nini. Mama yule ni sisi. Tumemvunja mtu, halafu tunampelekea kuku. Tumemsema mtu vibaya, halafu tunamchangia harusi kuliko wote. Baba umemtukana mwanao mbele ya wenzake, jioni unarudi na soda. Soda nzuri! Lakini mtoto ameomba soda? Nani hapa hajawahi kupaka asali juu ya chumvi yake mwenyewe? Na mwenzio anakula kwa heshima, anaomba maji, anaomba maji tena, nasi tunadhani ana kiu ya kawaida.

Wifi yule alikaa saa saba kwenye basi kuja, na saa saba kurudi. Neno alilolifuata lina pumzi moja: nisamehe. Hakulipata mezani, hakulipata kwenye simu, na sidhani kama atasafiri tena kulitafuta.

Mzee wa kanisa, naomba kapu la sadaka lisipite kwanza. Kwaya, msianze. Mimi ninayewahubiria nina mtu niliyemkosea humu ndani, benchi la nne upande wa madirisha. Mwaka mzima nimekuwa namwombea kwa sauti tamu kwenye kipaza sauti hiki, na jambo lenyewe sijaligusa. Kaeni hivyo hivyo kidogo. Nashuka.