Kasoro Kabla ya Bei

Wanangu, hebu fumbeni macho kidogo mlione soko hili. Ni uwanja mpana wenye vumbi jekundu, umezungukwa na kuta za udongo. Katikati pana jukwaa la mawe, na juu yake amesimama mtu wa makamo mwenye kilemba cheupe, ameshika hatamu ya punda. Watu wamejaa hadi langoni. Lakini hakuna hata mmoja anayeuliza bei. Wote kwa sauti moja wanauliza, "Kasoro yake?"

Mtu yule anajibu, "Hupiga mateke kila amwonapo bwana wake. Nami nimezungumza na bwana wake asubuhi hii, kwa hiyo simlaumu punda."

Watu wanaangua kicheko. Mwenye punda anafoka, "Ewe dalali, nimekuleta uniuzie au unitukane?"

"Nikuuzie, bwana wangu. Matusi nimekuongezea bure."

Na punda ananunuliwa, kwa kuwa aliyemnunua amejua anachonunua.

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba ndivyo watu wa nchi ya Samhar walivyokuwa wakiuza na kununua. Nchi yao ilikuwa kame, haina mto wala shamba. Neema waliyojaaliwa ni mahali ilipo, kwani njia tatu za misafara zilikutana pale: njia ya chumvi, njia ya ubani, na njia ya nafaka. Wakaishi kwa biashara, wakanawiri. Kisha tamaa ikaingia. Wauzaji wakachanganya chumvi na mchanga, wakalowesha sufi ili iwe nzito mizanini. Wageni waliodhulumika hawakugombana nao. Walipita njia nyingine tu. Visima vya Samhar vikafukiwa na mchanga kwa kukosa wanywaji, na watoto wakalala na njaa katika nyumba zilizojaa bidhaa.

Ndipo wazee wa zama zile walipokumbuka kauli ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye kughushi si miongoni mwetu. Wakawekeana ahadi msikitini kwamba bidhaa isitajwe bei kabla dalali hajasimama juu ya jukwaa na kutaja kasoro yake mbele ya watu wote. Polepole misafara ikarejea. Uaminifu wao ukaenea hata ikawa watu wa nchi za mbali hununua marobota ya Samhar bila kuyafungua.

Yule mtu wa punda aliitwa Dhakwan. Alikuwa mcha Mungu, mwingi wa mzaha, na udalali aliurithi kwa baba yake. Alikuwa na mke, jina lake Rayta, na binti mmoja, Ghaziya, ambaye mumewe alikuwa amefariki na kumwachia mtoto mchanga.

Ikatokea katika mwaka mmoja wa baridi kali kwamba tauni iliingia mtaa wa wafumaji. Wafumaji hao ndio waliofuma majoho ya sufi, na majoho ndiyo yaliyokuwa riziki ya mji mzima. Mmoja aliugua akiwa kwenye kitanda chake cha kufumia, akafa na uzi ukiwa mkononi. Akafuata mkewe, kisha jirani. Wachukuzi waliobeba marobota kuyapeleka ghalani nao wakafa, mmoja baada ya mwingine, kabla hata ya watu wa mtaa ule kwisha. Hapo kila mwenye akili akatambua kwamba mauti yanafuatana na sufi ile.

Na msafara mkubwa wa nafaka ulikuwa njiani. Huo ulikuja mara moja kwa mwaka, ukaleta ngano na kuchukua majoho. Ghala za mji zilikuwa zimebaki vumbi.

Basi mkuu wa soko, aliyeitwa Mundhir, akaamuru maiti wazikwe alfajiri bila kilio, na mtaa wa wafumaji ufungwe kwa mbao. Kisha akaenda nyumbani kwa Dhakwan baada ya sala ya alasiri. Hakuwa mtu mwovu, wanangu. Alikuwa mtu mwenye hofu, na alikuwa na watu wengi wa kuwalisha.

Akasema, "Sheikh Dhakwan, sikuja kukuambia useme uongo. Mungu anilinde na hilo. Ahadi ya wazee inasema utaje kasoro ya bidhaa. Je, sufi yetu ina kasoro?"

"Haina."

"Ufumaji wake?"

"Sijaona bora kuliko huo."

"Basi sema hivyo hivyo. Maradhi yamo katika watu, hayamo katika sufi. Nani alikupa kazi ya kutangaza kasoro za watu?"

"Na wachukuzi, Bwana Mundhir? Waliugua kwa nini?"

Mundhir akainamisha kichwa. "Hilo analijua Mungu peke yake," akasema. "Mimi ninalolijua ni kwamba msafara ukigeuka, mji huu utakufa kwa njaa. Na mwanao ananyonyesha."

Alipokwisha kuondoka, Rayta akatoka chumba cha ndani. Alikuwa amesikia yote.

"Baba Ghaziya," akasema, "leo nimekung'uta gunia nikapata unga wa kufunika kiganja. Maziwa ya mwanao yanakatika. Nakuomba kwa haki ya miaka yetu, nyamaza. Mara hii tu."

"Nikinyamaza, Rayta, majoho haya yatafunika watoto wengine."

"Siwajui watoto hao! Huyu namjua. Huyu nimemkata kitovu kwa mikono yangu."

Mzaha wote ulikuwa umemtoka Dhakwan. Akatawadha, akasali, akabaki amesujudu hata mkewe akadhani amezimia.

Msafara ukafika. Kiongozi wake aliitwa Yazdad, mtu wa heshima, aliyekuwa akifanya biashara na Samhar tangu ujana wake. Kwa desturi walifunga ngamia nje ya lango, wakaingia sokoni wenyewe tu kushuhudia mnada. Marobota yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta. Watu wa mji waliosimama pale walikuwa wachache kuliko kawaida, na Yazdad akamtania Dhakwan kwa mbali, "Dalali, mbona leo sura kama ya mtu aliyelazimika kununua kwa bei aliyoitangaza mwenyewe? Wako wapi watu wako? Au wameogopa ulimi wako?"

Dhakwan hakucheka. Akapanda jukwaani.

Wageni wakauliza kwa sauti kubwa, "Kasoro yake?"

Mundhir alikuwa amesimama karibu. Akasema kwa sauti ya chini, "Sema haina. Ni kweli. Sema kweli hiyo."

Dhakwan akamtazama, akawatazama wageni, akasema, "Sufi yake ni safi. Ufumaji wake ni imara. Rangi yake haitoki. Kasoro yake ni kwamba walioifuma wamo kaburini, na walioibeba wamo kaburini. Tauni iko kwetu, enyi ndugu. Msiyaguse marobota haya. Msitupe mkono wa salamu. Msilale hapa."

Yazdad akarudi nyuma hatua, akauliza, "Hata wewe, Dhakwan? Nisikupe mkono hata wewe?"

"Hata mimi. Mtume wetu ametukataza kuingia katika nchi yenye tauni, na sisi tuliomo ametukataza kutoka. Nendeni kwa amani ya Mungu."

Wageni wakatoka mbio. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, "Tuachieni japo ngano!" Yazdad, Mungu amlipe, aliacha magunia machache mbali na lango, kwa kuwa naye alikuwa na watu wa kulisha huko atokako, kisha ngamia wakageuzwa. Vumbi lao lilipotulia, wanaume wa Samhar wakapigania magunia yale kama mbwa wanavyopigania mfupa. Na kijana wa jirani aliyetumwa na nyumba ya Dhakwan akafukuzwa.

"Mwambie ale ukweli wake!" wakamwambia.

Sitawaficha yaliyofuata, kwa maana kisa kisimuliwacho nusu hakifundishi. Mtoto wa Ghaziya alikufa kwa njaa. Ghaziya mwenyewe akashikwa na homa, akamfuata mwanawe. Watu walipiga mawe mlango wa Dhakwan, na alipotoa salamu njiani waligeuza nyuso. Yeye alikuwa akisema, "Hasbunallahu wa ni'mal wakil," yaani Mungu anatutosha, naye ni mlinzi bora, akaendelea na safari yake. Mundhir alipougua, jamaa zake walimkimbia. Aliyemwosha na kumzika ni Dhakwan, na marobota yale akayachoma kwa mkono wake nje ya mji.

Lakini lililokuwa zito kwake kuliko mawe ni ndani ya nyumba yake. Rayta alipika walipopata cha kupika, alimtandikia, alimwitikia alipoitwa. Ila hakuketi tena karibu naye. Siku moja Dhakwan akamwomba msamaha, naye akajibu bila kumtazama, "Sijakusamehe. Lakini sitakuacha." Dhakwan akasema, "Alhamdulillah."

Na jambo moja lilimtafuna moyoni. Hakujua. Alikuwa amemtoa mjukuu wake kwa ajili ya watu asiowaona, na hapakuwa na wa kumwambia kama watu hao walisalimika, au kama mauti yaliwafikia kwa njia nyingine na subira yake ikawa si kitu. Akamwachia Mola wake jambo hilo kila baada ya sala, na kila baada ya sala likamrudia.

Tauni ikaisha. Waliobaki wakaishi kwa maziwa ya mbuzi na mizizi. Msimu ukapita, na mwingine, hata ikatimia miaka sita. Njia zote tatu zikawa tupu, na wengi wakasema kwamba biashara ya Samhar imezikwa pamoja na wafumaji wake.

Kisha asubuhi moja kengele za ngamia zikasikika upande wa kaskazini.

Alikuwa Yazdad, ndevu zimeingia mvi. Nyuma yake ulikuja msafara mkubwa kuliko wowote uliowahi kuonekana pale. Akauliza nyumba ya dalali. Watu wakaonyeshana kwa macho, kwa haya, kisha wakampeleka. Dhakwan alikuwa ameketi kizingitini, amekonda, nuru ya macho imepungua.

Yazdad akampa mkono, akaushika asiuachie. Akasema, "Sheikh wangu, mwaka ule kulikuwa na soko jingine lililopatwa kama ninyi. Dalali wao alinyamaza. Nimepita katika miji iliyonunua kwao. Milango inajigonga kwa upepo, na mbuzi wanalala misikitini. Wafanyabiashara wa nchi zetu wamekutana wakakubaliana. Tutanunua Samhar, hata kama Samhar haina cha kuuza ila ngozi za mbuzi. Nimeleta ngano. Mtatulipa mtakapofuma tena. Sasa niambie wewe mwenyewe, wataka nini?"

Dhakwan akauliza, "Watoto wenu wako hai?"

"Wako hai," akasema Yazdad. "Waliokuwa mgongoni mwaka ule, sasa wanang'oka meno ya utoto. Wanatuchosha kwa kelele."

Nyuma ya mlango, Rayta alikuwa amesimama. Alisikia. Akafunika uso kwa mtandio wake akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko. Kisha akatoka nje mbele ya wageni, akaketi kizingitini, bega lake likigusa bega la mumewe.

Wanangu, mtasoma kwamba nchi hutajirika kwa njia nzuri za misafara, kwa visima na ghala, na hayo ni kweli. Ila njia zile tatu zilikuwepo siku zote, na zilikaa tupu. Nchi ya Samhar ilirudishwa sokoni na neno la mtu mmoja, na neno hilo lilimgharimu kile ambacho msafara wowote usingeweza kumrudishia. Mungu hakumwahidi kwamba halitamuuma. Alimtaka asubiri tu, naye akasubiri, na mkewe akasubiri kwa namna yake.

Mkisahau majina haya yote, sitasikitika. Nawaombeni jambo moja tu mlikumbuke kila mtakapouza kitu, hata kikiwa yai moja: yule msiyemjua, atakayekipeleka nyumbani kwake, naye ana mtoto.