Kiti Kimoja cha Wastaafu

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, watoto, na nyinyi wakubwa pia. Leo nimechoka, karibu kama Punda wa hadithi hii.

Hapo zamani za kale palikuwa na Punda jike, jina lake Mwanamize. Aliubebea maji mji mzima wa wanyama, ko-ko-ko, ko-ko-ko, mpaka meno yakamwisha. Alipostaafu, Mfalme Simba akamwahidi pumba laini kila asubuhi. Pumba zikaja. Zikapungua. Zikakoma. Punda akabaki na mabua makavu, na mabua hayatafuniki kwa ufizi.

Akaenda kwa Maksai, mstaafu wa jembe. Akaenda kwa Ngamia, mstaafu wa misafara.

"Tuanzishe chama, tudai pumba zetu," akasema.

Wakaanzisha Chama cha Wastaafu. Wazee wakaja, wengine wakichechemea, wengine wakibebwa. Uchaguzi ulipofika wakapata kiti katika baraza la Mfalme. Kimoja tu, lakini Punda alilia kwa furaha.

Nani akikalie? Mkubwa kwa umri, wakakubaliana wote. Basi hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Nisalimie," akasema Maksai.

"Nikusalimie wewe? Nimekuona ukiwa ndama," akasema Ngamia.

Atakayetoa shikamoo ndiye mdogo. Hakuna aliyetoa. Chama kikagawanyika, huku wa Maksai, huku wa Ngamia.

Siku baraza lilipokaa kuamua habari ya pumba, wawili hao walisimama mlangoni, kila mmoja akingoja shikamoo ya mwenzake.

"Jamani, mmoja aseme tu shikamoo, mwenzake aingie," Punda akawasihi. "Mimi nina njaa."

"Aanze yeye."

"Aanze yeye."

Ndani kiti kitupu. Mikono ikanyooshwa kupiga kura, pumba wakapewa mbwa walinzi.

Wanachama wakaondoka mmoja mmoja. Wengine wakahamia chama cha Fisi, wengine wakaenda kaburini. Punda akaendelea kufagia ofisi ya chama, basi tu, hakuwa na pa kwenda.

Masika yalipoisha Maksai akafa. Waliomzika ni Punda na Ngamia peke yao. Ngamia akapiga goti la kwanza, akapiga la pili, akainamia udongo.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Wakangoja. Hakuna aliyeitikia.

Punda hakuwa na nguvu hata za kukasirika. Akarudi nyumbani, ko, ko, ko, akaloweka mabua yake.

Funzo lake ni hili: mkipata nafasi ya kudai haki yenu pamoja, msiipoteze kwa kugombania nani mkubwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Haya, nisaidieni kuinuka.