Kokoto Ilipoacha Kugonga

Hapo zamani, na mtu asinikatize kuniuliza zamani ipi, palikuwa na nchi ya milimani ambako watu waliombana radhi kwa mkate. Mkate wenyewe ulikuwa wa majani. Mahindi mabichi husagwa juu ya jiwe, yakachanganywa na ndizi mbivu na chumvi kidogo, yakafungwa ndani ya jani la mgomba lililobabuliwa, kisha mikate ikapangwa chunguni juu ya vijiti ili iive kwa mvuke. Chini, kwenye maji, hutiwa kokoto moja. Maji yakichemka, kokoto hugonga: ko, ko, ko. Ikinyamaza, maji yamekwisha. Hata mtoto alilijua hilo. Likumbukeni, maana ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Basi, Atupele aliolewa na Lugano, wakapata binti, Bupe. Siku moja mahindi yakapungua ghalani. Mama mkwe, Syabumi, akasimama kisimani mbele ya wanawake wote akasema, "Mkwe wangu ni mwizi. Anawalisha kwao kwa ghala langu!" Wifi mtu, Tupokigwe, akacheka, akalichukua neno hilo akalipeleka nyumba kwa nyumba. Na Lugano je? Lugano alijua. Mahindi aliyatoa yeye mwenyewe, akawapa rafiki zake wakapikie pombe. Alijua, akainamisha kichwa, akanyamaza. Mwanamume mzima!

Atupele akarudi kwao mikono mitupu. Mtoto walimzuia. "Mtoto ni wa ukoo wa baba," wakasema, wakafunga mlango.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Msimu haukuisha, mlevi mmoja akasimama msibani mbele ya watu akamshukuru Lugano kwa yale mahindi, tena kwa sauti. Watu wakatazamana. Wazee wa pande mbili wakakutana, wakasema, "Nyinyi watatu mliomkosea Atupele, mpikieni chungu cha radhi kwa mikono yenu. Mikate ikiiva, ataila na atarudi kwa mwanawe. Isipoiva, ndoa imekwisha." Kisha wakakumbusha sheria mbili za chungu hicho. Mwenye hasira asifungue kinywa mbele ya chungu. Na aliyekosewa asikanyage ua mpaka aitwe kula.

Wakagawana kazi. Syabumi kusaga na kufunga, Tupokigwe kuteka maji, Lugano kuchochea moto. Wakapika, lakini hivyo si kupika! Syabumi alisaga kwa hasira ya kuaibishwa uzeeni, akakaza kamba mpaka majani yakapasuka, na kila lililopasuka akachota maji mengine ya kuoshea jingine. Tupokigwe alikwenda mtoni mara tatu, akarudi amevimba mashavu. Lugano naye alikasirika. Kwa lipi? Sijui. Wenye makosa hupenda sana kukasirika.

Chungu kikabandikwa. Ko, ko, ko. Hakuna aliyesema neno. Ko, ko, ko. Kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Ko, ko. Ko.

Kokoto ikanyamaza.

Syabumi alisikia, akamtazama Tupokigwe. Tupokigwe alisikia, akautazama mtungi mtupu, akamtazama kaka yake. Lugano alisikia, akaongeza kuni. Jamani, akaongeza kuni!

Harufu ya kuungua ilipofika njiani, wazee wakaja wenyewe bila kuitwa. Baba yake Atupele akafungua mkate wa chini ukatoka mkaa. Akafungua wa juu, unga mbichi ukamchuruzika vidoleni. Akaupangusa kwenye nyasi.

"Nani aliyekiunguza chungu?" wazee wakauliza.

Syabumi akasema, "Wazee wangu, mimi nilikuwa na hasira, sifichi. Na sheria inasema mwenye hasira asifungue kinywa. Nimeishika sheria. Mnanihukumu kwa kuishika? Maji hayakuwa kazi yangu."

Tupokigwe akasema, "Maji yalikuwa kazi yangu, na niliyateka. Mara tatu! Mama akayamaliza kuoshea majani anayoyapasua mwenyewe. Nilingoja aseme walau, 'Mwanangu, nenda tena.' Punda huambiwa twende, mimi nisiambiwe?"

Lugano akasema, "Mimi nilipewa moto, na moto haukuzimika. Mwanamume chungu atakijulia wapi?"

Watu wakaguna. Ndipo nyuma ya ukuta wa mianzi akatokea Atupele, ingawa hakuwa ameitwa. Mkononi ana kibuyu, na macho mekundu.

"Baba zangu," akasema, "nami nilisikia. Tangu asubuhi niko nyuma ya ukuta huu. Ua sikuukanyaga. Nilikuja kumchungulia mwanangu, maana tangu waniite mwizi sijamwona. Nilisikia kokoto ikinyamaza. Kibuyu hiki kilikuwa kimejaa. Ningepita mlangoni ningevunja sheria, lakini ukuta una tundu, na mkono wangu unapita. Ningeweza kukipitisha."

"Kwa nini hukukipitisha?" baba yake akamuuliza.

"Kwa hasira! Nikasema moyoni, wamenichafua bila msaada wangu, basi na waniombe radhi bila msaada wangu. Nikakaa pale nikayanywa yale maji, funda kwa funda, mpaka yakaisha."

Hapo hata Syabumi aliinua uso.

Wazee wakajitenga, wakarudi na neno moja. "Ndoa imekwisha. Lakini mtoto lazima alale kwa mtu. Atajwe mmoja aliyekiunguza chungu. Akiwa wa nyumba hii, Bupe ataondoka na mama yake. Akiwa Atupele, Bupe atabaki hapa."

Wakaanza kubishana. Huyu akasema ni mwenye maji. Yule akasema ni mwenye meko. Mwingine akasema, na angenyamaza tu, kwamba mama aliyekuwa na kibuyu kilichojaa ndiye aliyemtupa mtoto. Mwingine akamjibu, aliyekosewa tangu lini akampikia aliyemkosea? Wakabishana mpaka mate yakawakauka.

Na nyinyi mnaonisikiliza msinijibu "wote." Kila nikiisimulia hadithi hii mtu hunijibu "wote," kisha hujiona ana akili. Wote! Wote ndilo jibu la Lugano, jibu la kuinamisha kichwa. Masikio yalikuwa ya watu wanne, lakini mtoto hakatwi mafungu manne.

Bupe amesimama uani. Bibi yake amemshika mkono mmoja, mama yake amemshika mwingine, na hakuna anayelegeza. Tangu asubuhi hajala. Ananusa mikate iliyoungua, anauliza kama imeiva.

Je, nani aliyekiunguza chungu?