Vichupa Mfukoni mwa Fisi

"Wangu, nipeni masikio!"

"Chukua yote mawili!"

"Niseme au ninyamaze?"

"Sema, tumekaa!"

Palikuwa na Fisi, mkubwa wa chumba cha dharura katika hospitali ya wanyama. Kazi yake kuchukua damu. Anachoma, chwi! Anajaza kichupa, anatia mfukoni, kacha! Kitanda cha pili: chwi! kacha! Cha tatu: chwi! kacha! Haulizi jina. Akimaliza anakwenda zake mezani, anakula vyakula walivyoletewa wagonjwa, ndipo anaandika majina kwa kubahatisha, vidole vimejaa mafuta.

Kwa kubahatisha huko, mtoto wa Mama Kima aliongezewa damu isiyomfaa. Akafa kabla ya adhuhuri. Inauma, wangu, hata kusimulia.

Wiki ile ile akalazwa binti wa Mama Paa, damu imemwishia. Mama Paa akamshika mkono Sange, yule mnyama kama panya mwenye pua ndefu, muuguzi mdogo wa kuenea kiganjani.

"Mwanangu, yule atachanganya tena. Nimebaki na huyu tu."

Sange akaenda mezani. Akamkuta Fisi anaugulia, shibe imembana tumbo.

"Mkuu, nikupime?"

"Pima upesi!"

Chwi! Sange akakitumbukiza kichupa mfukoni mwa Fisi, kacha!

"We! Mbona hukuandika jina langu?"

"Tutaandika baadaye, mkuu, kama ulivyotufundisha. Ila humo mna damu ya Nyati pia. Daktari anangoja majibu yake tu, amkate mguu."

Fisi akatoa vichupa. Vitano. Vyote vyekundu. Akavitikisa, akavinusa, akajishika mguu.

"Kipi changu, Sange?"

"Bahatisha, mkuu."

Jasho likamtoka Fisi, tiriri! "Mwaga vyote! Chukua upya! Muulize kila mmoja jina, aseme mwenyewe, uandike hapohapo kitandani kabla hujabandua mguu!"

Sange akaanza kwa binti wa Paa. Mama yake akataja jina kwa niaba yake, Sange akaliandika, akamsomea. Ikaja damu inayomfaa. Jioni mtoto akaomba maji.

Mama Kima alikuwa amesimama mlangoni, kashika nguo ya mwanawe.

"Kumbe ni kuuliza jina tu," akasema.

Fisi akarudi mezani. Akavuta sahani.

Yangu yameishia hapo. Mwenye kuyabeba ayabebe. Na funzo lake, wangu, ni hili: ukitaka kuugua, ngoja kwanza augue mkubwa.