Mama Aliyekigeuza Kigezo

Akina mama wenzangu wa kanisa, sogeeni mbele, huko nyuma hamna baraka za ziada. Nataka kuwaambia habari ya mama mmoja. Ni tamu kama umbea, lakini mwenye kuusikiliza umbea huu asije akanilaumu baadaye, maana mwisho wake una miba.

Mama huyu alikuwa fundi cherehani. Sketi za shule, mapazia, sare za kwaya, alishona kila kitu. Siku moja akasikia kiwanda cha kuunganisha televisheni kinatafuta watu wenye mikono mitulivu. Kiwanda kipi? Msiniulize, mimi sitaki barua za mawakili. Akaenda, akajaribiwa, akachukuliwa. Akaiuza cherehani yake apate chumba karibu na kiwanda.

Mama mkwe wake alipopata habari, alicheka hadi akajishika mbavu. "Wewe na televisheni wapi na wapi? Wewe wa kupachika zipu!" Majirani nao wakakaa kikao chao cha kisimani, wakapitisha kwamba mwezi hautaisha kabla hajarudi na begi lake. Mnavijua vikao vya kisimani. Havina katibu, lakini maazimio yake yanafika kila nyumba.

Sasa kazi yake ilikuwa hii: kukikalisha kioo ndani ya fremu. Ile fremu nyeusi inayozunguka kioo cha televisheni, mlidhani vimezaliwa pamoja? Kuna mtu ameketi mahali, amevaa glavu, anakishusha kioo taratibu kama mzazi anayemlaza mtoto aliyesumbua kutwa nzima. Anaangalia nafasi ya upande huu na ya upande ule. Zikiwa sawa, anakaza skrubu. Zisipokuwa sawa, hata kwa unene wa ukucha, kona moja ya kioo inabanwa. Na kioo kilichobanwa hakilalamiki siku ileile. Kinangoja kifike sebuleni kwa watu, kipate joto, baba yuko katikati ya taarifa ya habari, ndipo kinasema ta! Ufa kutoka kona mpaka kona.

Meza zilikuwa kumi na mbili, kila meza na mama wake. Yeye akapewa ya mwisho, karibu na mlango wa stoo. Mbele kabisa palikuwa na meza ya msimamizi, na juu ya meza hiyo palikaa kigezo.

Kigezo ni bamba la chuma lenye dirisha katikati. Televisheni ikishafungwa inalazwa, bamba linapachikwa juu ya fremu, na kioo lazima kionekane katikati ya lile dirisha. Kikiwa katikati, msimamizi anabandika alama ya kijani. Kikiwa kimekwenda kando, anabandika nyekundu. Kila meza hupimwa televisheni moja kwa siku, na alama yake ni ya kazi nzima ya siku hiyo. Nyekundu tano katika wiki moja, unakwenda kwenu. Hakuna barua, hakuna kikao.

Jumatatu mama yetu akapata nyekundu ya kwanza.

"Kioo kimekwenda kulia," akasema msimamizi. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni na hata moja haiandiki.

Mama akairudisha televisheni mezani kwake. Alikuwa na desturi yake ya ushonaji: anakata kipande cha karatasi ngumu, anakipitisha pembeni. Akakipitisha kulia, kikapita kwa kubana. Akakipitisha kushoto, kikapita kwa kubana vilevile. Akakuna kichwa. Kulia ni sawa na kushoto, sasa kimekwendaje?

Jumanne nyekundu nyingine. Jumatano nyingine. Alhamisi, nyekundu ya nne. Kila siku anaambiwa kulia, na kila siku karatasi yake inasema katikati.

Siku hiyo ya Alhamisi, wakati wa makande ya mchana, jirani yake wa meza ya kumi na moja akamsogelea. Mwanamke mcheshi, mdomo haufungi.

"Shoga, unajiumiza bure. Ukishaweka kioo, kisukume kushoto kidogo. Kidogo tu, kama unamsogeza mtu kwenye benchi. Utaona kijani."

"Nikisukuma, kona itabanwa."

"Itabanwa, kwani kioo cha mama yako?"

"Kitapasuka huko kwa watu."

"Huko kwa watu, sawa. Hapa kwetu kitakuwa na kijani." Akachota makande, akatafuna. "Wewe unataka kuona mbali, na ajira yako iko hapa karibu."

Mama akageuza shingo. Kupitia mlango wa stoo, aliona televisheni zilizorudishwa na wateja zimepangwa hadi darini, kila moja na ufa wake. Na kila moja, wenzangu, ilikuwa na alama ya kijani.

Niwaulize: ungekuwa wewe? Cherehani umeuza, mama mkwe anangoja acheke awamu ya pili, begi lako kisimani limeshazungumzwa. Ungesukuma, usingesukuma? Usinijibu. Wewe mama Tumsifu unayetazama dirishani, wewe ndiye hasa usinijibu.

Ijumaa mchana ikafika. Mama akakalisha kioo, akapitisha karatasi yake kulia, akapitisha kushoto, akakaza skrubu. Hakusukuma. Akaibeba televisheni mwenyewe hadi mbele.

Msimamizi akapachika kigezo. Akainama, akafumba jicho moja. "Kulia," akasema, akaanza kubandua alama nyekundu kwenye karatasi yake. "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Hii ni ya tano."

"Subiri, kaka. Kigeuze."

"Nigeuze nini?"

"Kigezo. Kichwa kiwe miguu."

"Kigezo hakigeuzwi."

"Imeandikwa wapi?"

"Mama, hiki kitu kimetoka ng'ambo!"

"Hata sketi yangu imetoka ng'ambo," akasema mama, "na nimeipunguza kiuno."

Wa meza ya kumi na moja akasikika akikohoa kicheko. Msimamizi akakunja uso. Lakini mama yetu hakungoja ruhusa. Alikuwa fundi, na fundi akiitilia shaka karatasi ya kukatia nguo huipindua upande wa pili. Kama imekatwa sawa, itasema neno lilelile. Akakiinua kigezo kwa mikono miwili, kizito kile, akakizungusha, akakipachika tena juu ya televisheni ileile.

"Haya. Tazama."

Msimamizi akatazama. Akafuta jicho, akatazama tena.

"Sema, kaka. Kimekwenda wapi?"

"Kushoto," akasema kwa sauti ya chini.

"Hawasikii huko nyuma."

"Kushoto!"

"Sasa hivi kilikuwa kulia. Skrubu zote nimezikaza, mimi niko hapa, wewe uko hapa. Kioo kimetembea saa ngapi?"

Mama akachukua televisheni ya meza ya tatu, ina kijani yake inang'aa, akakipachika kigezo juu yake namna ilivyozoeleka. Katikati. Akakizungusha. Kioo kikaonekana kimekimbilia kushoto mara mbili ya cha kwake. Akachukua ya meza ya saba. Vilevile. Akachukua ya meza ya kumi na moja, ya yule shoga yake wa makande. Vilevile tena.

Alijiona ameshinda. Amewaonyesha! Kumbe kilichopinda ni kigezo, na wanawake kumi na mmoja walikuwa wakivipindisha vioo vyao kila siku ili vilingane na upogo wake. Akawageukia wenzake, akangoja washike midomo. Akangoja mmoja aseme, "Jamani, kumbe!"

Hakuna aliyeshtuka.

Mmoja alikuwa akifuta meza iliyokuwa safi. Mwingine alikuwa akizitazama glavu zake. Mcheshi wa makande, ambaye mdomo wake haufungi, siku hiyo aliufunga.

Mwishowe mama wa meza ya kwanza, mtu mzima, wa kwanza kuajiriwa pale, akasema bila kuinua macho. "Mwanangu, tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kilianguka. Siku ile ya kufanya usafi kwa ajili ya wageni. Kilitua kwa kona, kwenye saruji. Mlio wake tuliusikia wote. Yeye ndiye aliyekuwa amekishika." Akamwelekezea msimamizi kidevu. "Akatutazama, tukamtazama. Akakirudisha mezani. Kesho yake nyekundu zikaanza, kesho kutwa tukajifunza kusukuma."

"Miezi mingapi sasa?"

"Mitano."

"Na zile zilizojaa stoo?"

"Tunapita hapo kila siku," akasema mama wa meza ya kwanza. "Tunaziona."

Hapo ndipo mama yetu aliposhindwa, si kabla. Alikuwa na jibu la kumpa mtu asiyejua. Kwa mtu anayejua, alikuwa hana kitu mkononi. Karatasi yake ngumu ya kupimia ingemsaidia nini hapo?

Msimamizi akaona watu wake wamekaa, hakuna aliyesimama. Ujasiri ukamrudia, shati likamkaa tena mwilini. Akabandika ile alama nyekundu ya tano, taratibu, katikati kabisa ya kioo. "Kigezo ndicho hiki," akasema. "Anayekitaka, abaki. Asiyekitaka, mlango uko wazi." Kumi na mmoja wakabaki.

Mama akavua glavu. Akaibandua ile alama nyekundu kwa ukucha, pole pole isichanike. Msimamizi akadhani anaitupa. Hakuitupa. Aliibandika juu ya kigezo chenyewe, kwenye ile kona iliyotua kwenye saruji, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Kisha akachukua kanga yake, akajifunga, akapita katikati ya meza zote kumi na mbili akimtazama kila mmoja usoni, akatoka.

Habari imeishia hapo.

Naona mnaniangalia. Mnangoja niwaambie kwamba Jumatatu mwenye kiwanda alikuja na gari refu, akamfuata mama kwake, akamwomba msamaha, akampa kiti cha msimamizi. Sina. Ningekuwa nayo ningewapa, mimi si mchoyo wa habari. Aliondoka bila kazi na bila cherehani, na kisimani walimsema mwezi mzima.

Na jambo jingine ninaloliona hapa mbele ni kwamba kila mmoja wenu ameshajikalisha kwenye kiti cha yule mama. Mnaitikia vichwa, "ndiyo, mimi naye huwa sisukumi." Shukeni kwenye kiti hicho. Si chetu. Katika habari hii mama alikuwa mmoja, na wanawake walikuwa kumi na mmoja. Sisi tuliokaa hapa ni wangapi?

Sisi hatukosi macho, wenzangu. Tusimsumbue Mungu kwa maombi ya kufumbuliwa macho, anatuona tunavyochungulia madirishani kwa watu. Sisi tunajua. Tunajua nani ameangusha nini, saa ngapi, na kona ipi ilitua kwanza. Tunachofanya ni kujifunza kusukuma kidogo.

Nataja, na anayetaka kunichukia anichukie leo. Wiki tatu zilizopita, katika ukumbi huuhuu, tulimwondoa binti yetu mmoja kwenye kwaya. Jina silitaji, sauti yake ndiyo tunayoikosa kila Jumapili. Tulisema amemwacha mume, na mke mwema hamwachi mume. Tukanyoosha mikono. Mimi pia nilinyoosha, sijifichi. Lakini nyumba yake na za wengine wetu zinatenganishwa na ukuta wa tofali moja. Nani kati yetu hakusikia anavyopigwa? Nani hakumwona amevaa mtandio mwezi wa joto? Tulisikia, tukaongeza sauti ya redio, halafu tukaja hapa kumpima. Na kipimo tulichompimia tunajua kilianguka zamani, wengi wetu kiliangukia migongoni mwetu, nasi tukakiinua tukakirudisha mezani kwa adabu.

Ati aombe radhi ndipo arudi! Aombe radhi kwa kutokupasuka?

Mchungaji ataniita, najua. Aniite, nina miguu. Wazee wa kanisa wataniita, nao wapo hapo nje wanasikiliza dirishani wakijifanya wanangoja chai. Karibuni ndani, wazee wangu, maneno haya hayana chumvi ya kuwadhuru.

Jumapili hii nitapita kwake asubuhi, nitamshika mkono, tutaingia naye kwa mlango mkubwa, siyo ule wa pembeni. Atasimama mstari wa mbele wa sauti ya kwanza. Mimi kuimba siwezi, mnanijua, natoa sauti kama bati linaloburutwa. Lakini nitasimama hapo pembeni yake na nitaimba vivyo hivyo, kwa nguvu zangu zote, mpaka mje msimame nasi mnifunike.